Sifuri Kumi na Moja

Mradi wa Maji na Mvua wa Kieni Juu,
Ofisi ya Nyeri.
3 Februari 2025

Kwa Bi. Magdaline Wacera,
Naro Moru.

KUH: KUSITISHWA KWA USOMAJI WA MVUA KWA MKONO

Mama,

Natumai u mzima. Mimi ni Griffins Gatimu, afisa mpya wa data hapa Nyeri. Nimepewa kazi ya kuondoa kazi ya karatasi katika mradi huu, na wewe ndiwe msomaji wa mvua wa mwisho ambaye bado anatuletea karatasi.

Nitasema ukweli. Nilipoona jinsi takwimu zako zinavyotufikia, nilishangaa. Unamimina maji kwenye bilauri ya kupimia, unaandika kwa kalamu, mwisho wa mwezi unatia kadi kwenye bahasha, halafu karani hapa anaichapa upya. Mvua ya tarehe mbili inaingia kwenye kompyuta wiki sita baadaye. Hiyo si data, Mama. Hiyo ni historia.

Kuanzia tarehe 1 Machi tutategemea mashine tano, moja ikiwa pale ukingoni mwa msitu, juu ya shamba lako. Kila robo saa mashine inatuma kipimo kwa laini ya simu. Programu niliyoiandika inakipokea, inakisafisha, inakiweka kwenye hifadhidata, kisha jioni inawatumia meseji watu wote wanaokaa kando ya mto. Hakuna mkono wa mtu unaogusa chochote.

Tafadhali lete madaftari yako yote ya zamani tuyaingize kwenye sistimu. Na usipige simu ofisini kutusomea vipimo; haitakuwa na maana tena.

Wako,
Griffins Gatimu

*

Naro Moru,
10 Februari 2025

Bwana Griffins,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu nyekundu. Nilifundisha Kiswahili darasa la sita miaka thelathini na moja, na mkono una mazoea yake. "Nimepewa kazi ya kuondoa kazi." Hapo nilipiga mstari, kisha nikaona kwamba hukukosea. Ndiyo hasa kazi uliyopewa.

Najibu kwa karatasi kwa sababu mambo ya simu hufutika, na wewe unaonekana mtu ambaye siku moja atataka kufuta.

Kipimo hiki nimekisoma tangu 1990, saa tatu kamili asubuhi, bila mshahara. Nimekisoma siku ya harusi ya binti yangu nikiwa nimevaa gauni la sherehe. Nakuuliza swali moja tu, la darasa la sita. Mimi nikiugua, naweka kistari kwenye daftari. Kistari maana yake sijui. Sifuri ni kitu kingine: sifuri maana yake nilienda, nikatazama, na hakukunyesha. Mashine yako ikiugua inaandika nini?

Madaftari nitayaleta. La 2019 halipo, lililiwa na panya. Kusoma sitaacha, kwa maana kipimo kiko kwenye shamba langu, na mvua ya kwangu hainyeshi kwa ruhusa ya ofisi yenu.

Mimi,
Mwalimu Magdaline Wacera

*

Ofisi ya Nyeri,
24 Februari 2025

Mama Magdaline,

Asante kwa madaftari. Karani ameanza kuyachapa. Amesema mwandiko ni mzuri.

Kuhusu swali lako, mashine haiugui. Haina mafua, haina mazishi ya kwenda, haisahau. Ikitokea imekwama, programu inajua la kufanya. Ni jambo la kiufundi na sidhani barua inatosha kulieleza, hasa kwa mtu ambaye hajazoea.

La 2019 lisikusumbue. Kadi ulizotuma kila mwezi mwaka huo zimo katika stoo yetu, nitazitafuta.

Nakuomba ulichukulie hili kama heshima. Umefanya kazi miaka mingi. Kila kitu kina wakati wake, hata taa ya chemni ilipendwa kabla ya stima kufika. Pumzika, Mama. Lima viazi.

Griffins Gatimu

*

Naro Moru,
29 Aprili 2025

Bwana Griffins,

Huenda umesikia, lakini umesikia kutoka kwenye kompyuta, kwa hiyo acha nikueleze mimi niliyekuwepo.

Kuna mfanyabiashara wa mifugo kutoka Nanyuki anaitwa Hersi. Akiwa anateremsha kondoo kwenda soko la Chaka, huwapumzisha hapa kwetu, kwenye uwanda ulio chini ya daraja, yeye na mkewe Halimo. Wamefanya hivyo miaka sita. Halimo hununua maziwa kwangu na hakuna mara hata moja aliyoondoka bila kunisaidia kufunga ng'ombe. Hersi ni mmoja wa wale mnaowatumia meseji.

Alhamisi usiku ilinyesha juu ya msitu kwa namna ambayo sijaona tangu mwaka wa El Nino. Ijumaa saa tatu nilisoma milimita arobaini na nane, na mvua bado ilikuwa inaendelea. Uliniambia nisipige simu. Nilipiga. Mara ya kwanza hakuna aliyeshika. Mara ya pili karani akasema atakuambia. Mara ya tatu ukashika wewe mwenyewe, na maneno yako niliyaandika pembeni mwa daftari ili nisije nikaambiwa nimezeeka. Ulisema, "Mama, juu huko sistimu inaonyesha sifuri. Labda kuna mtu anamwagilia kipimo chako."

Halafu ukacheka. Kicheko sikukiandika.

Jioni nikashuka mwenyewe hadi kwenye uwanda nikamwambia Hersi ahame. Alikuwa mpole. Akanionyesha simu. Meseji ya jioni ilikuwa imeshaingia: Mvua juu, sifuri. Mto uko salama. Akaniambia, "Mwalimu, hawa ni watu wa serikali na mashine. Tutahama kesho." Mimi nikarudi nyumbani. Nilipaswa kukaa pale nimsumbue mpaka achoke, lakini nami nina kiburi changu. Sikutaka kubishana na simu.

Jumamosi alfajiri Halimo aliamka kuwasha moto wa chai. Maji yalikuja na magogo. Alikimbilia zizi kuwafungulia kondoo, gogo likamgonga paja akiwa bado ameshika kamba ya mlango. Hersi alimvuta kwa shuka yake. Kondoo sitini walikuwa zizini, kumi na tisa wakapona. Mfupa wa paja la Halimo umevunjika mahali pawili, na yuko Nyeri hospitalini, umbali wa dakika kumi kutoka kwenye meza yako.

Nenda ukamwangalie. Utamtambua. Ndiye aliyeamini kazi yako.

Mwalimu Magdaline Wacera

*

Ofisi ya Nyeri,
6 Mei 2025

Bi. Magdaline Wacera,

Ofisi inasikitika kwa yaliyowapata Bw. Hersi na familia yake.

Mkurugenzi wetu, Madam Monicah, ameunda kamati itakayosikiliza suala hili tarehe 30 Mei hapa Nyeri. Mpaka wakati huo tunakuomba usizungumze na waathiriwa wala usieneze maneno katika soko. Kwa faida yako, nimeangalia hifadhidata. Mashine ya msituni ilirekodi milimita 57.4 Ijumaa tarehe 25 Aprili. Kwa hiyo sistimu ilijua. Kama meseji iliyowafikia watu ilikuwa tofauti, hilo ni tatizo la mtandao wa simu, na mtandao wa simu si wetu. Nakala ya ripoti ya mwezi nimeiambatisha.

Kuhusu mazungumzo ya simu unayodai, sikumbuki kusema hivyo.

Griffins Gatimu,
Afisa wa Data

*

Naro Moru,
12 Mei 2025

Bwana Griffins,

Nimekuwa nikisahihisha madaftari ya watoto tangu kabla hujazaliwa. Mtoto aliyenakili jibu hujulikana kwa jambo moja: jibu ni sahihi lakini hana njia ya kulifikia.

Nilikwenda kumwona Halimo. Amelala amefungwa mzigo kwenye mguu kama mtu anayepimwa kwenye mizani. Hersi alinipa simu yake, nami nikanakili meseji zenu zote kwa mkono, na tarehe zake. Tangu tarehe 15 hadi tarehe 25 Aprili, siku kumi na moja, mlimtumia sifuri kumi na moja. Katika siku hizo, kwangu kulinyesha siku tisa. Nyumba yangu na mashine yako haviko mbali. Mbuzi aliyepotea huku hupatikana kule.

Basi mtandao wa simu ulikosea siku kumi na moja mfululizo, na kila siku ukakosea kwa kuandika sifuri ileile, halafu ukaongeza kwamba mto uko salama. Na ripoti uliyoniletea ina sifuri kumi, kisha ghafla 57.4 siku ile moja tu ambayo mtu alivunjika mguu. Hiyo mvua iliingia kwenye kompyuta yako lini? Ijumaa, au baada ya kusikia watu wanalia?

Nilidhani wewe ni mjinga, na ujinga mimi hulipwa pensheni kwa kuuvumilia. Sasa naona u mwongo pia.

Tarehe 30 nitakuwepo, na karatasi yangu.

Magdaline Wacera

*

Gatitu,
19 Mei 2025

Mwalimu,

Hii haitoki ofisini. Naiandika nyumbani na sitaweka nakala kwenye faili.

Nilizipata kadi zako za 2019. Nilikuwa nataka tu kuziba lile pengo la daftari lililoliwa na panya. Karani alipozichapa, programu ilitoa onyo, kwa sababu nimeiambia itafute vipimo vinavyojirudia. Kuanzia tarehe 4 Juni hadi 11 Julai 2019, vipimo vyako ni vilevile vya 2011. Siku thelathini na nane, Mwalimu. Kila tarehe, kila nukta. Tarehe 19 Juni 2011 ulikuwa umeandika 3.2, ukaikata, ukaandika 3.4. Kadi ya 2019 ina 3.4, safi, bila mkato.

Panya huyo ana akili sana. Alikula daftari moja tu kati ya thelathini na tano.

Umenitukana tangu Februari kuhusu sifuri na kistari. Sitaki kukufundisha neno la kuiita kazi yako. Nakwambia hivi tu: ukisimama mbele ya kamati na meseji za Hersi, nami nitasimama na kadi. Watu wa Naro Moru wanakuheshimu. Kanisani unakaa mbele. Itakuwa vizuri tukinyamaza sote wawili, kila mtu abaki na chake.

G. G.

*

Naro Moru,
22 Mei 2025

Griffins,

Panya hakuna. Daftari la 2019 liko chini ya godoro langu, na hapo limekaa miaka sita.

Mume wangu aliitwa Ben. Juni ile alilazwa Nyeri na mapafu, wakaniambia ni siku chache. Zikawa siku thelathini na nane. Nililala kwenye benchi, na asubuhi nilimlisha uji kwa kijiko. Siku ya thelathini na nane alifariki. Nilirudi nyumbani nikaenda kwenye kipimo kabla hata sijaingia ndani. Kilikuwa kimejaa mpaka kimemwagika, maji yana majani na nzi, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuniambia ni mvua ya siku zipi.

Ningeweka kistari mara thelathini na nane. Hakuna aliyenizuia. Lakini nilikuwa nimewasema wasomaji wengine miaka yote. Yule wa Chaka aliyeruka wiki moja nilimdharau mbele ya mkutano mpaka akaacha kazi. Nikaona vistari vile vitasimama kwenye kadi kama safu ya watu wakinicheka. Nikafungua daftari la 2011, kwa sababu Julai ya mwaka ule nayo ilikuwa na baridi kali, nikanakili. Nilitumia saa moja. Mazishi yalikuwa Ijumaa.

Sasa unajua, na hukulipia. Barua yako ilipofika nilikaa nayo jioni nzima, nikaona unachotaka si ninyamaze kuhusu meseji tu. Unataka niwe mtu wa namna yako, ili mkiulizwa muwe wengi.

Asubuhi hii nimempelekea Madam Monicah barua kwa mkono wangu, pamoja na daftari lenyewe. Nimemweleza siku thelathini na nane zote na sababu. Yule msomaji wa Chaka nimempigia simu pia. Hakusema mengi, wala sikutarajia.

Uongo wangu haukumvunja mtu mguu. Hiyo ni bahati, si wema, na sitajivunia. Lakini wa kwangu nimeutoa mwenyewe. Wako utatolewa na mwanamke mzee aliyeandika kwa kalamu.

Huna kitu tena mkononi, Griffins. Tukutane tarehe 30.

Magdaline Wacera

*

Naro Moru,
9 Juni 2025

Griffins,

Juzi watu wa ofisi walikuja na pickup wakang'oa kipimo changu. Walikuwa na adabu. Mmoja aliniita shosho, kama bibi yake. Kamati imesema kwamba kwa kuwa nilidanganya mwaka mmoja, miaka yote thelathini na mitano sasa ina shaka, na itawekewa alama kwenye hifadhidata. Wameamua sawa. Nilipika chai wakanywa.

Nimesikia wewe ulifutwa kabla ya mimi kung'olewa, kwa hiyo naandika kwa anwani ya Gatitu.

Siku ile ya kamati nilikuja nimejiandaa kupigana nawe. Nilikuwa nimepanga maneno, na nakiri yalikuwa mabaya na mazuri sana. Kisha wewe ukasimama kabla sijaitwa ukasema betri ilikufa tarehe 15, na kwamba programu yako ikikosa kipimo huandika sifuri, na kwamba wewe ndiwe uliyeiambia ifanye hivyo. Ukasema 57.4 uliiweka Jumapili, baada ya watu kulia. Nilibaki na maneno yangu mdomoni kama mtu aliyepakuliwa chakula sahani ikaondolewa. Sijui ni nini kilikusimamisha. Kama ni barua yangu, usinishukuru. Kama ni woga, afadhali woga huo kuliko ujasiri wako wa Mei.

Usidhani umemaliza. Uliiambia kamati. Kamati ina viti vya kuzunguka na maji ya chupa, na hakuna hata mmoja wao aliyelala na mguu umening'inizwa. Halimo ametoka hospitalini. Wametia chuma pajani, na daktari amesema atachechemea maisha yake yote. Hersi hakuja siku ile kwa sababu alikuwa akimgeuza kitandani. Mpaka leo anaamini ni mtandao wa simu uliokosea, maana ndivyo ulivyoandika kwenye ile barua ya ofisi, naye alipelekewa nakala.

Wanakaa Nanyuki, nyuma ya soko la mifugo. Uliza nyumba ya Hersi wa kondoo.

Magdaline Wacera

*

Gatitu,
18 Juni 2025

Mwalimu,

Nilikwenda jana.

Uliuliza ni nini kilinisimamisha. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa na kadi zako kwenye bahasha, na jibu la mtandao wa simu. Halafu Madam Monicah akatusomea barua yako mwanzo hadi mwisho, na alipofika ile sehemu ya kipimo kilichojaa nzi, afisa mmoja akacheka. Nilikijua kicheko hicho. Ni changu.

Ile sifuri niliiandika Ijumaa moja ya Januari. Fomula ya kukadiria mto ilikuwa inakwama kila ikikutana na nafasi tupu, na Jumatatu kulikuwa na wageni wa kuonyeshwa sistimu. Nikaandika mstari mmoja: ukikosa, weka sifuri. Ikaacha kukwama. Wageni walipiga makofi. Nilisema moyoni nitarudi kuurekebisha, kisha nikausahau, na ulipouliza Februari nikakumbuka, nikaona aibu kukubali kwamba swali la mzee mwenye bilauri lilikuwa limenipata. Ndiyo sababu nilikuambia ulime viazi.

Nyumba niliipata kwa urahisi. Halimo alikuwa ameketi kwenye mkeka, mguu umenyooshwa juu ya mto wa kulalia, na binti yao Kafia akimkanda kifundo. Walidhani nimetumwa na ofisi. Kafia akaniletea chai ya maziwa. Niliwaambia sikutumwa, kisha nikaeleza yote kwa mpangilio: betri, ule mstari, simu yako mara tatu, kicheko, Jumapili nilipobadilisha, barua niliyoweka lawama kwa mtandao. Hersi hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza aliniomba nirudie sehemu ya sifuri.

Nikairudia.

"Kwa hivyo mashine ilikuwa imenyamaza," akasema. "Wewe ndiye uliongea."

Nikakubali.

Akaniuliza nakaa wapi. Nikamwambia Gatitu, pale Nyeri. Nilidhani anataka kujua nyumba yetu ili atume wazee waje kudai fidia, na nilikuwa tayari.

"Ile Ijumaa," akasema, "Gatitu kulinyesha?"

Mwalimu, ile Ijumaa nilitoka ofisini saa kumi na moja nikakimbia hadi steji ya matatu nimejifunika kichwa na begi la kompyuta. Viatu vilijaa maji. Nilifika nyumbani nikakamua soksi kwenye sinki. Na kwenye simu yangu, kama kwenye ya Hersi, meseji ilikuwa imeingia inayosema sifuri, nami nikaisoma nikiwa nimelowa, nikaona imefika kwa wakati, nikafurahi.

"Kulinyesha," nikamwambia.

"Sana?"

"Sana."

Halimo, ambaye muda wote alikuwa ananitazama tu, alimwambia Kafia maneno mawili kwa lugha yao. Kafia akainuka, akachukua kikombe cha chai kilichokuwa mbele yangu, kimejaa bado, akarudi nacho jikoni.

Nikavaa viatu vyangu mlangoni nikaondoka.

Griffins Gatimu